Mfuko wa urea uliomo ardhini: barua ya wazi kwa wakuu wa kilimo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, wakuu wa vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI, wakurugenzi wa halmashauri zenye wakulima wa mahindi, na mabwana shamba na mabibi shamba wote mliopewa pikipiki.

Waheshimiwa, shikamooni. Na kwa wenyeji wa huku kwetu, kamwene.

Naandika kutoka Ismani, kaskazini ya Iringa mjini, kando ya barabara iendayo Dodoma. Ukimtajia Ismani mtu wa umri wangu, atakumbuka Krismasi ya mwaka 1971 na risasi iliyomuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu. Kisa hicho kimesimuliwa vya kutosha. Habari ya udongo wenyewe uliokuwa ukigombewa haina msimuliaji, na ndiyo iliyonikalisha chini leo na kalamu.

Wazazi wangu walihamia hapa miaka ya 1950, pori likifyekwa na matrekta yakiingia. Mahindi yaliota bila mbolea ya dukani, msimu baada ya msimu, mpaka Ismani ikawa jina linalotajwa kila yanapotajwa mahindi. Wazee hawakujua, na sidhani kama kuna aliyewaambia, kwamba walikuwa wanakula akiba iliyowekwa na nyasi na miti kwa karne nyingi. Jembe la sahani, lile la trekta linalopindua udongo, ndilo lililokuwa ufunguo wa kihenge. Zamu yangu ya kushika shamba ilipofika, ukigonga kihenge kilikuwa kinatoa mwangwi.

Kabla sijaendelea, ahsanteni kwa ruzuku ya mbolea. Tangu msimu wa 2022/23 nimeandikishwa, namba inakuja kwenye simu, mifuko yangu naipata. Habari za foleni, na za mtandao unaokatika wakati guta limeshafika mlangoni kwa wakala, wengine watawaandikia. Langu ni jingine. Mnahesabu mifuko inayofika kwa wakala, na mnahesabu magunia yanayotoka shambani. Katikati hapo kuna jembe, na jembe hilo silioni kwenye mahesabu.

Chukueni heka moja, yaani ekari. Udongo wa juu, sentimita 20, una uzito wa tani 1,000 hivi. Udongo uliochoka kama wetu, tuseme una nitrojeni, kile chakula cha mmea kilichomo ndani ya urea, asilimia 0.1 tu. Hiyo ni kilo 1,000 za nitrojeni ndani ya heka moja. Mara ya kwanza kupiga hesabu hii nilidhani nimekosea sifuri. Ila karibu yote, zaidi ya kilo 95 katika kila 100, imefungwa ndani ya mboji, mahali ambapo mzizi wa muhindi hauifikii. Vijidudu wa udongo ndio wanaoifungua kidogo kidogo. Wakifungua asilimia 2 kwa mwaka, ni kilo 20. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Kwa maneno mengine, heka hii iliyokonda inatengeneza karibu mfuko mmoja wa urea kila mwaka, bila wakala, bila namba ya simu. Je, mfuko huo unapokelewa na nani?

Kulima ndiko kunakoamua. Sahani zikipindua udongo, madonge yanapasuka, hewa inaingia, na mboji iliyokuwa imejificha ndani ya madonge inabaki wazi. Vijidudu wanaifakamia. Nitrojeni inafunguka kwa wingi katika maumbo ambayo mzizi unaweza kuyanywa, kwanza amoniamu, kisha nitrati. Ndiyo sababu shamba jipya lililopigwa trekta huwa na kijani cha kuvutia mwaka wa kwanza na wa pili, na trekta likajengewa sifa kijiji kizima: jirani anakiona kijani, kihenge hakioni. Tatizo ni kwamba nitrati, tofauti na amoniamu, haishikwi na chembe za mfinyanzi. Maji yakienda, nayo inakwenda. Kwenye kichanga kama cha upande wangu, mvua kubwa mbili zinatosha kuishusha chini ya mche ambao bado una majani matatu.

Hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, mtafiti H. F. Birch alichapisha mwaka 1958 kazi yake juu ya udongo uliokaushwa kisha ukaloweshwa. Aliona kwamba udongo mkavu ukipata maji, vijidudu huamka na kuishambulia mboji, nitrojeni ikatoka nyingi kwa siku chache, halafu kasi ikapoa. Ukauke tena, ulowe tena, mshtuko unarudi. Wanasayansi wa udongo kote duniani wameupa mshtuko huo jina lake hadi leo, na mimi nilizeeka kabla sijalisikia, ingawa Muguga ni karibu kuliko wanakotengeneza hiyo urea. Kwa sisi wenye kiangazi cha miezi saba, maana yake ni kwamba mvua ya kwanza ni siku ya mgao wa mbolea. Mbegu iliyo ardhini inapokea. Iliyo stoo inakosa.

Sasa tazameni sisi tunavyolima. Udongo wetu ukikauka ni tofali. Mwenye trekta la kukodi anaogopa kuharibu sahani zake, anasubiri mvua, na mvua ikinyesha anaanza kwa mwenye heka nyingi. Mgao wa kwanza unatoka wakati trekta liko kwa mwingine. Wiki ya pili linafika kwangu na kupindua, nitrojeni nyingine inafunguka. Bado hatujapanda, tunasubiri haro ije kuvunja madonge. Tunapofukia mbegu ni wiki ya tatu au ya nne, na mvua katikati hapo hazikutusubiri.

Mwaka mmoja nilikosa trekta mpaka Januari. Mahindi yalitoka njano yakabaki njano, na mbolea ya kukuzia niliyoweka haikuyainua. Mtaalamu mmoja aliyepita kuyaona aliniambia mbegu ilikuwa mbovu. Mbegu ile ile, ya mfuko ule ule tuliogawana, kwa jirani aliyepanda kwa jembe la mkono siku ya pili ya mvua ilikuwa imefika kiunoni. Sisemi ni nitrojeni peke yake, aliyechelewa hukosa na maji. Lakini unjano unaoanzia kwenye ncha ya jani la chini na kuingia katikati kama herufi V si dalili ya kiu.

Kuna na sakafu. Sahani zinapita kina kile kile kila mwaka, matairi yanakanyaga, na chini yake panakandamizwa. Chimbeni shimo kwenye shamba lolote la hapa lililolimwa kwa trekta miaka mingi: sentimita kumi na tano au ishirini mnachimba kama mkate, kisha jembe linagonga na kuruka. Ng'oeni muhindi muone mzizi uliopinda na kutambaa pembeni. Nitrati iliyoshuka iko chini ya sakafu hiyo, muhindi uko juu yake. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya, upande wa Maseno, miaka ya 1990, walikuta nitrati nyingi imelala chini kuliko inakofika mizizi ya mahindi, na wakaona mti wa sesbania wenye mizizi mirefu ukiifuata na kuipandisha. Ilikuwa haijapotea. Haikuwa na wa kuiendea tu.

Basi tuache kulima? Hapo ndipo ninapokosana pia na baadhi ya wahubiri wa kilimo hifadhi, kile cha kutopindua udongo, maana nilijaribu, na nitaeleza yote hata yanayonitia aibu.

Niligawa heka moja. Nusu nililima kwa trekta kama kawaida. Nusu nilichana mistari kwa ripa ya kukokotwa na ng'ombe, chuma kinachochana udongo bila kuupindua, mwezi wa kumi, udongo ungali mkavu, mabua yakabaki juu. Mvua ya kwanza ilikuta mbegu ipo. Ikaota vizuri, ikafika magotini, halafu ikapauka yote. Majirani walicheka. Mke wangu hakucheka, jambo ambalo ni zito zaidi.

Nilikuja kuelewa baadaye. Mabua ya mahindi yana kaboni nyingi mno, sehemu 60 au hata zaidi kwa kila sehemu moja ya nitrojeni. Vijidudu wanaoyala hawashibi nitrojeni ndani yake, wanaichota ya udongoni, na muhindi unabaki mtazamaji. Pili, udongo usiopinduliwa hufungua mboji yake polepole. Ndilo tulilotaka, lakini mwaka wa kwanza polepole ni njaa. Tatu ni kosa langu mwenyewe: urea niliitupa juu ya mabua. Urea iliyolala juu ya masalia yenye unyevunyevu hugeuka amonia na kupaa hewani. Asubuhi nilipopita niliisikia harufu, nikadhani ni zizi la jirani. Ilikuwa ruzuku ya serikali inaondoka.

Msimu uliofuata kila kifuniko cha soda cha mbolea nilikifukia kwenye kishimo chake, kina cha kidole. Ya kupandia niliongeza kidogo, ya kukuzia nikaigawa mara mbili. Katikati ya mistari nikaweka ngwara, zao la jamii ya kunde. Masalia ya ngwara, kama ya maharage, hayana kaboni nyingi hivyo. Yanaoza upesi na kuacha nitrojeni badala ya kuikopa. Msimu wa tatu nusu ile ikasimama. Mizani ya maabara sina, kwa hiyo siwapi namba za kujigamba. Kwa hesabu yangu ya magunia, mwaka wa mvua nzuri upande wa trekta bado unatangulia kidogo. Mwaka mvua inapokatika Februari, upande wa ripa ndio unaotulisha. Kwa Ismani, Februari ya namna hiyo si ngeni.

Palizi iliongezeka, hilo nalo nisilifiche. Kupindua udongo huzika magugu, kuchana hakuziki. Na palizi kwetu ni mgongo wa mwanamke. Anayehubiri kuacha jembe bila kusema nani ataparilia, ajue mzigo huo ameshamtwika mtu.

Mama yangu hakupata kulisikia neno nitrojeni. Kwenye vinyungu vyake bondeni alikuwa akifyeka majani mabichi, anayapanga, anayafunika kwa udongo kuwa tuta, kisha anayaacha. Nilimuuliza kwa nini hapandi siku hiyo hiyo tukamaliza kazi. Akasema, "Mbegu na majani yatagombana." Wamatengo wa Mbinga wamelipeleka jambo hilo mbali zaidi, tena mlimani. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa miraba, udongo wa katikati ukachimbwa na kuzifunika, shimo likabaki kati na kuta zake ndizo zinazopandwa. Hiyo ndiyo ngoro. Shimo linakamata maji na udongo usiteremke bondeni. Wanatanguliza maharage, mnamo Machi, na mahindi yanafuata mwishoni mwa mwaka. Nilipokaa kulifikiria hilo nilisimama na kuvua kofia: nyasi zinapooza na kuishika nitrojeni, shambani yumo maharage, anayejitafutia ya hewani. Muhindi mlafi anakaribishwa chakula kikiwa kimeiva. Halafu tunaita huo kilimo cha jadi, kana kwamba hakina hesabu ndani yake.

Najua hatari ya barua kama hii. Afisa mmoja akiipenda mno, kesho kijijini kwangu itakuja sheria ndogo: marufuku kupindua udongo, faini shilingi kadhaa. Tafadhalini. Uluguru walipolazimishwa na serikali ya kikoloni kuchonga ngazi milimani, udongo wa juu wenye rutuba ulizikwa na wa chini usio na kitu ukaletwa juu, mazao yakadhoofika kwa nguvu za wakulima wenyewe. Mwaka 1955 watu walichoka, ghasia zikazuka, mradi ukafa. Amri iliyoandikwa ofisini haiujui udongo wa kila mteremko.

Ninayoyaomba ni ya gharama ndogo ukilinganisha na bajeti ya kilimo, ambayo tumeiona ikipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya bilioni 970 mwaka 2023/24. Trekta lolote linalokopeshwa kwa dhamana ya serikali, kwa kikundi au kwa mtu binafsi, litoke na ripa nyuma yake pamoja na sahani. Ripa inaingia udongo ukiwa mkavu, kwa hiyo trekta lingefanya kazi Oktoba na Novemba badala ya wote kuligombania wiki ya mvua, na lingevunja ile sakafu njiani. Kwa wenye ng'ombe, ripa ni chuma kinachofungwa kwenye mti wa plau walio nayo tayari. CAMARTEC pale Arusha kazi yao ni zana za namna hii, na mafundi wa kuchomelea Iringa wakipewa mfano mmoja mzuri watautoa mia.

Ruzuku iingize mbegu za mikunde kwa uzito ule ule inaoupa urea: ngwara, mbaazi, maharage. Lakini mkiweka mbegu, wekeni na soko. Mwaka 2017 India ilipobana uingizaji wa mbaazi, bei iliporomoka na watu wakaapa kutoipanda tena. Ulikuwa uamuzi wa biashara, ila uliondoa nitrojeni shambani kama jembe lolote.

Mabwana shamba na mabibi shamba mliopewa vifaa vya kupima udongo, naomba mvitumie kwa kalenda. Kwangu alikuja mmoja, kijana mwenye heshima, mwezi wa nane, udongo mkavu kama unga. Akapima, akaandika nitrojeni iko chini, akaniandikia mifuko ya kuweka Desemba. Hakuniuliza ninalima kwa nini, nilipanda nini mwaka jana, wala mabua yamekwenda wapi. Nitrati ya Agosti na nitrati ya siku ya tano baada ya mvua ya kwanza ni watu wawili tofauti. Na pendekezo la mifuko kwa heka, lisilotaja jembe, litampa kidogo mwenye ripa mwaka wake wa kwanza, na litampa mwenye sahani mbolea ambayo nusu yake inaweza kwenda na maji.

Hapa naungana na nyie wa TARI, Uyole na Mlingano, mnaojua haya kuliko mimi. Tunahitaji majaribio ya jembe na mbolea kwa pamoja, kwenye mashamba yetu, ya miaka kumi na zaidi. Kenya wana jaribio pale Kabete tangu mwaka 1976, na mojawapo ya mafundisho yake ni kwamba mboji iliendelea kushuka hata palipowekwa mbolea ya viwandani. Mradi wa misimu miwili ungenihukumu mimi na nusu heka yangu mwaka ule ule majirani waliponicheka.

Suala la mabua mtuachie wenyewe. Baada ya mavuno mifugo inaingia, kila mtu anajua, wengine tunauza mabua kwa wafugaji na pesa hiyo inalipa ada. Mkutano wa kijiji unaweza kupatana na wafugaji sehemu ibaki na sehemu iliwe, samadi ikirudi. Tunachohitaji kutoka juu ni msituletee kiwango kimoja cha nchi nzima.

Nimewachosha. Mwaliko wangu ni huu. Mvua za kwanza huku huanza Desemba, kuna miaka zinawahi. Mmoja wenu aje na kile kifaa siku ya nne au ya tano baada ya kunyesha, apime nusu ya trekta na nusu ya ripa, kisha arudi baada ya wiki tatu apime tena, juu na kwenye kina cha mita moja. Mtambo wa kuchukulia udongo wa kina sina, ila nina sururu na vijana wawili wenye nguvu, na shimo nitakuwa nimeshalichimba.

Wenu,
Mkulima wa Ismani